Zuhura, filamu yako nimeitazama

Mwanangu Zuhura,

Asalaam aleikum. Shikamoo uliyompa Salim imenifikia, marahaba. Sisi hatujambo, ila choroko zimepanda bei na goti langu la kushoto siku hizi linajua mvua kabla ya redio.

Filamu yako nimeitazama. Salim aliiweka kwenye kompyuta uliyoiacha, tukaiegemeza juu ya gunia la mbaazi dukani baada ya kufunga. Watu wanasema Kifaransa, maandishi ya chini ni Kiingereza, na yanapita mbio, kwa hiyo kila mara nilikuwa namwambia simamisha hapo, rudisha. Filamu ya saa mbili tumeimaliza kwa siku tatu. Jina lake, Le Fabuleux Destin d'Amélie Poulain, Salim anasema ni kama kusema majaaliwa ya ajabu ya Amélie Poulain. Neno majaaliwa likanifanya nikae vizuri.

Nilidhani umeniletea mapenzi ya kubusiana mvuani. Kumbe ni mtoto wa watu, mhudumu wa mkahawa kule Montmartre, Paris, aliyekua bila rafiki kwa sababu baba yake, daktari, alidhani ana ugonjwa wa moyo. Na moyo wenyewe ulikuwa unakwenda mbio kwa furaha tu, kwamba leo baba kanigusa, maana hakumgusa isipokuwa siku ya kumpima. Hapo nilimwambia Salim asimamishe, nikaenda kunywa maji.

Halafu anatumbukiza mkono kwenye gunia la nafaka, taratibu, mwenye duka asione. Nilicheka peke yangu! Wewe ulikuwa hivyohivyo kwenye kunde zangu, mkono mpaka kwenye kiwiko, macho umefumba. Nilikuwa nakufinya, si kwa ubaya, vidole vyako vilikuwa na shira ya kalmati na kunde zikishika shira haziuziki. Sikujua kama ni raha inayoweza kutiwa kwenye filamu.

Basi, usiku ule wa Agosti 1997, habari za kifo cha Diana ziko kwenye televisheni, kizibo cha chupa kinamponyoka, kinabiringika, kinagonga kigae cha ukutani. Nyuma ya kigae kuna kibati cha vitu vya kuchezea, kimefichwa na mtoto wa kiume miaka arobaini nyuma. Amélie anajiapiza kumtafuta mwenyewe. Anamtafuta kwa jina lililokosewa herufi, mpaka mzee mmoja jirani yake, mwenye mifupa inayovunjika kama glasi, anamtajia jina sahihi. Kibati anakiweka kwenye kibanda cha simu, anapiga simu bwana yule anapopita, naye anaingia kupokea. Anafungua. Mtu mzima, mvi kichwani, analia juu ya gololi.

Lakini mimi kilichonikaa ni kile cha baadaye. Bwana yule anaingia kunywa kitu, anakaa karibu kabisa na Amélie, anaanza kusema kwamba labda ni wakati wa kumtafuta binti yake, na mjukuu ambaye hajamwona, kabla yeye mwenyewe hajatiwa ndani ya sanduku. Amélie yuko pale. Hasemi neno. Hamwambii hata pole. Nilikuwa nampigia kelele yule mtoto, sema basi! Salim akasema, mama, hakusikii.

Na yule kipofu! Anamshika mkono, anamvusha barabara, anamsimulia kila kitu njiani, bei za vitu madukani, mtoto anamtazama mbwa na mbwa anawatazama kuku, mpaka kwenye ngazi za treni ya chini ya ardhi. Kisha anamwacha na kupotea. Uso wa mzee unawaka kama taa. Vizuri, nimependa. Ila hapa Tanga asingefika ng'ambo bila kuulizwa, wewe mtoto wa nani, wa mtaa gani, na mama yako hajambo?

Yule muuza mboga anayemdhalilisha kijana wake wa kazi mbele ya wateja, nilitaka kumtetea kwa kuwa ni mwenzangu wa duka, nikashindwa. Amebadilishiwa dawa ya meno kwa krimu ya miguu, amepata haki yake. Huyo kijana, Salim anasema, ni mwigizaji Jamel Debbouze, wazazi wake wa Morocco, na karibu ndiye peke yake wa asili ya huko kwetu Afrika niliyemwona. Filamu ilipotoka mwaka 2001 kuna mhakiki wa hukohuko Ufaransa aliyelalamika gazetini kwamba Paris ile imefagiliwa watu. Nikakukumbuka wewe ukinisimulia vituo vya treni vya huko uliko, Mkongo, Mwarabu, Mchina, wote mnasukumana. Mji ule wa kwenye filamu kila kitu ni chekundu na kijani, hata ukuta hauna doa. Mzuri, lakini haujakaliwa.

Sasa nifike kwenye lililonifanya nichukue kalamu badala ya simu.

Yule mama anayetunza jengo, ambaye mume alimkimbia na mwanamke mwingine, akafia mbali. Miaka yote anazisoma barua zake za zamani. Amélie anaziiba zile barua, anatoa nakala, anakata maneno kwa mkasi, anayabandika upya, anatengeneza barua moja ya kuomba msamaha, kisha anaituma kana kwamba ilikuwa kwenye mfuko wa posta uliopotea na ndege mlimani Mont Blanc. Salim aliona ni jambo zuri sana. Mimi nilinyamaza.

Zuhura, mjomba wako baharia unayemjua kwa picha tu. Barua zake zilikuwa zinakuja kutoka bandari hii na ile, na bibi yako, Mungu amrehemu, alisoma msahafu mpaka akahitimu lakini herufi hizi za shule hakuzijua. Mimi ndiye niliyekuwa namsomea. Mwaka 1994 barua zikakatika. Mwezi, miezi mitatu, mwaka. Kila akiniuliza nilikuwa nachukua ile ya mwisho kabatini, naikunjua, nasoma yasiyoandikwa. Kwamba meli ina kazi nyingi. Kwamba anakula vizuri. Kwamba anamsalimia na amemnunulia kanga, ataituma akipata mtu. Nilisoma hivyo miaka minne. Nilikuwa hodari, hata kikohozi cha kutafuta neno nilikuwa nakitia.

Siku moja, bibi anachambua mchele, mimi nasoma, akanyoosha kidole bila kuinua uso. Akaniambia, "Doa hilo la chai nalijua, mwanangu. Soma tu."

Nikasoma. Ningefanyaje? Hatukulizungumza tena mpaka alipofariki. Nami nikabaki sijui ni nani kati yetu aliyekuwa anamfichia mwenzake.

Kwa hiyo siwezi kumlaumu Amélie kwa ile barua, ila sikuweza kucheka pia. Ni rahisi kumtendea mtu wema ukiwa nyuma ya pazia. Ukimkalia mbele, ataona uso wako, atakuuliza swali. Ndiyo maana Nino, kijana mwenyewe wa mapenzi, alipokuja mpaka mlangoni akabisha hodi, binti aliganda nyuma ya mlango asifungue. Mpaka yule mzee wa mifupa ya glasi, anayenakili picha ileile ya mchoraji Renoir kila mwaka kwa miaka ishirini, alipomwambia kwamba yeye mifupa yake si ya glasi, akigongwa hatavunjika.

Najua ada ya mtoto wa jirani umelipa wewe. Mama yake alikuja dukani analia, eti kuna mtu wa heri. Salim siri haimkai, usimgombeze. Najua pia unakula tambi jioni tano kwa wiki, hilo nalo amelisema.

Na zile picha. Baba yake Amélie alitumiwa picha za sanamu yake ya bustanini, iko Moscow, iko New York, iko Angkor, mzee hajui nani anazituma wala kwa nini, mpaka mwisho akafunga sanduku akasafiri mwenyewe. Wewe tangu Septemba umeniletea mnara, daraja, theluji juu ya baiskeli, mnara tena. Nimehesabu, kumi na tisa. Hamna hata moja yenye uso wako. Angalau sanamu ilikuwa kwenye picha.

Ule mkahawa wa filamu upo kweli, Café des Deux Moulins, rue Lepic namba 15. Ukienda Paris likizo pita. Agiza ile krimu yenye sukari iliyoungua juu, upige kwa kijiko kama yeye. Umwombe mhudumu akupige picha. Mwombe kwa mdomo wako, mwangalie usoni, na usivae kofia.

Ijumaa nitakuwa dukani mpaka saa mbili usiku. Simu ya Salim nitakuwa nayo mimi.

Mama yako