Kwaya Imekua, Sasa Igawe

Kisumu

Rafiki yangu mpendwa,

Pokea salamu nyingi kutoka huku ziwani. Nimefurahi mno kusikia kwamba kwaya ya watoto wa mtaa wenu hapo Kakamega imepita watoto 50, na kwamba wazazi sasa wanawaleta wenyewe bila kubembelezwa. Lakini unasema sauti imekuwa ya kelele, na kila wimbo unaishia chini ya pale ulipoanzia. Watoto wapya hawana kosa. Kwaya ya watoto 50 haiwezi kuendeshwa kama ile ya 15.

Igawe. Wa miaka 6 hadi 9 wawe peke yao kwa dakika 35 au 40, waimbe sauti moja tu: nyimbo za kupokezana na za michezo ya makofi. Wa miaka 10 hadi 13 wape saa moja na robo. Ukiwachanganya, wadogo hujaribu kufikia nguvu za wakubwa kwa kukaza koo, na koo lililokazwa ndilo linalotoa hiyo kelele. Usiwaambie "imbeni kwa sauti kubwa". Waambie waimbe hadi kila mmoja amsikie jirani yake.

Angalia pia mnaanzia wapi. Mtoto huimba bila taabu kuanzia D iliyo juu tu ya C ya katikati ya kinanda hadi D inayofuata. Mwalimu akianzisha wimbo pale panapomfaa yeye, watoto hukwama chini, wakaimba kwa sauti ile ile wanayoitia wenzao uwanjani. Programu ya kinanda kwenye simu inatosha kukupa noti sahihi. Wimbo ukishuka njiani, chunguza sehemu mbili kwanza: noti inayorudiwa mara nyingi, na mwendo wa kushuka wa mi-re-do. Hapo pumzi hulegea. Panga mahali pa kuvuta pumzi mapema kidogo, kisha jaribu kupandisha wimbo mzima nusu noti, yaani hadi kitufe kinachofuata cha kinanda. Mara nyingi ugonjwa huisha hapo hapo.

Kuhusu solfa, yaani kuimba noti kwa majina do, re, mi, fa, so, la, ti, usianze na ngazi nzima. Anza na so na mi, ongeza la, halafu re na do. Fa na ti zije mwisho, kwa sababu nyimbo nyingi za jadi za huku kwetu hutembea kwenye sauti tano bila hizo mbili, na sikio la mtoto halijazizoea: fa huimbwa juu mno, ti chini mno. Tumia ishara za mkono alizoeneza Mwingereza John Curwen katika karne ya 19. Do ni ngumi, mi ni kiganja kilicholala, so ni kiganja kinachotazama kifua. Mtoto anayeuona mkono ukipanda hupanda nao, hata kama bado hajui kusoma.

Mtoto asiyepata noti usimnyamazishe kamwe. Mwache atoe sauti yake, wewe ifuate hapo ilipo, kisha mpandishe hatua kwa hatua. Katika safu msimamishe katikati ya wawili wenye sikio imara. Wengi hunyooka baada ya miezi michache, ila aliyeambiwa mbele ya wenzake kwamba hajui kuimba huwa harudi.

Sauti mbili zina njia yake. Kwanza wimbo wa kufuatana, kundi moja likianza na la pili likiingia nyuma yake. Baadaye kundi moja lirudie kipande kifupi huku wengine wakiimba wimbo wenyewe. Ukifika kwenye sauti ya pili kamili, ifundishe kwanza, tena kwa kwaya nzima. Ukitanguliza sauti ya kwanza, itakaa masikioni mwa wote na sauti ya pili itaburutwa nayo kila mara.

Maneno nayo yasikilizwe. Mkazo wa Kiswahili huangukia silabi ya pili kutoka mwisho. Pigo zito likitua kwenye "wa" ya "watoto", wimbo hulemaa na msikilizaji hashiki neno.

Isukuti, ngoma ya jadi ya huko kwenu, ni fahari yenu, na UNESCO iliiorodhesha mwaka 2014 kati ya urithi unaohitaji kulindwa haraka. Hata hivyo, ngoma zile tatu zikiwekwa mbele ya watoto 25 hakuna atakayewasikia. Zisogeze pembeni, nyuma kidogo ya safu ya mwisho, na mfundishe mpigaji kupunguza mkono mwanzilishi anapoimba. Mkialika mpiga nyatiti, kinubi cha Waluo, atunie nyuzi zake nane kwa watoto. Asiwavute watoto kwenye nyuzi.

Ratiba nayo ina mitego. Jumamosi asubuhi utawakosa watoto wa familia za Kiadventista, ambao ni wengi pande zetu. Jumapili baada ya chakula cha mchana ni bora, ila maliza kabla mvua ya alasiri haijagonga mabati, maana hapo hakuna mazoezi tena. Muhula wa pili shule hujiandaa kwa tamasha la muziki la kitaifa, lile lililoanza mwaka 1927, na watoto wako wengi wamo humo pia. Miezi hiyo punguza mazoezi, usiwape nyimbo ngumu, na anayekwaruza koo asikilize tu.

Wavulana wa miaka 12 au 13 wakianza kuvunja sauti, usiwaondoe. Watafutie mstari wa noti tano au sita zilizo chini, au wape ngoma. Kuwapoteza hao ni hasara kubwa kuliko kukosa kombe.

Kwa kweli kombe lisiwe ndilo kipimo chako pekee. Fungua daftari: jina, umri, simu ya mzazi, noti ya chini kabisa na ya juu kabisa ya kila mtoto, upime upya kila muhula. Hesabu waliobaki mwaka mzima, na wangapi wanaweza kusoma mstari wa solfa wasioujua. Wafadhili na wazazi wakiuliza kwaya imefika wapi, waonyeshe daftari hilo.

Nitumie vipimo vya kundi la wakubwa ukishavipata, nikusaidie kuchagua nani aende sauti ya pili. Wasalimie wote nyumbani.

Wako,
rafiki yako wa Kisumu