Ukinzani wa kona haukokotolewi hivyo

Ndugu Mhariri,

Wiki iliyopita mwanafunzi wangu mmoja aliingia darasani na ukurasa wenu wa sayansi mkononi, akaniuliza nani amekosea, gazeti au mimi. Makala yenu ilieleza kwamba ukinzani unaolikuta gari kwenye kona hupatikana kwa kuzidisha tungamo la gari kwa kipeo cha pili cha kasi, kisha kugawa kwa nusu kipenyo cha kona. Nilimjibu kuwa kanuni yenyewe ni sahihi kabisa, lakini inachokipima si ukinzani. Naomba nafasi nieleze, maana kosa hili nimelisahihisha kwenye madaftari kwa miaka mingi, na likishachapishwa gazetini linakuwa gumu kung'oa.

Kanuni hiyo inatoa kani kitovu, yaani kani inayolivuta gari kuelekea ndani ya kona ili lisiendelee kunyooka. Kani hiyo iko pembemraba na mwendo. Inageuza uelekeo wa gari bila kulipunguzia kasi. Chukua gari la kilo 1,500 linalokata kona ya nusu kipenyo cha mita 100 kwa mita 20 kwa sekunde, yaani kilomita 72 kwa saa. Kani kitovu ni nyutoni 6,000. Kama zote zingekuwa ukinzani, dereva akiinua mguu kwenye mafuta gari lingeanza kupoteza mita 4 kwa sekunde katika kila sekunde, sawa na mtu aliyekanyaga breki kwa nguvu. Na ili kuishikilia kasi ileile, injini ingehitaji kilowati 120 za ziada kwa ajili ya kona peke yake. Kila anayeendesha gari anajua kwamba haiko hivyo.

Ukinzani wa kweli upo, ila unazaliwa kwenye tairi. Katika kona, tairi haliendi pale hasa linapotazama. Mpira hujipinda pale unapogusa barabara, gurudumu likaelekea kidogo upande mwingine. Tofauti hiyo huitwa pembe ya mtelezo. Kani ya upande inakaa pembemraba na tairi, si na njia ya gari, kwa hiyo kipande chake kidogo kinaangukia nyuma. Kipande hicho ndicho kinacholizuia gari.

Turudi kwenye gari letu. Tuseme matairi yake manne kwa pamoja yanatoa nyutoni 200,000 kwa kila rediani ya mtelezo, kiasi cha kawaida kwa gari dogo. Nyutoni 6,000 zitahitaji pembe ya rediani 0.03, ambayo haifiki nyuzi 2. Zidisha 6,000 kwa 0.03, unapata nyutoni 180. Usizidharau. Ukinzani wa kawaida wa matairi ya gari hilo kwenye njia iliyonyooka ni kama nyutoni 150, kwa hiyo kona imeuzidisha zaidi ya mara mbili. Sasa punguza kasi iwe nusu: kani ya upande inashuka hadi nyutoni 1,500, pembe nayo inashuka hadi robo, na ukinzani unabaki nyutoni 11 tu. Kasi ikiongezeka mara mbili, ukinzani wa kona unaongezeka mara 16! Hili ndilo ambalo makala ingewapa wasomaji, hasa madereva wanaojiuliza kwa nini barabara ya kona nyingi inakula mafuta na kumaliza matairi.

Kwa treni makala imepotoka zaidi, kwa kutumia kanuni ileile. Kanuni za kawaida za reli hazina kasi ndani yake hata kidogo. Iliyo nyepesi kuliko zote ni kugawa 700 kwa nusu kipenyo cha kona kwa mita; jibu ni kilo za kani kwa kila tani ya treni. Kona ya mita 350 inatoa kilo 2 kwa tani. Kanuni ya Röckl, kwa reli za upana wa milimita 1,435 na kona zisizopungua mita 300, ni 650 gawanya kwa nusu kipenyo kilichopunguzwa 55, na hapo tunapata 2.2. Wamarekani nao huhesabu ratili 0.8 kwa kila tani yao ya ratili 2,000, kwa kila nyuzi ya kona (yaani nyuzi ambazo njia inageuka katika kila futi 100), na kona ya mita 350 kwao ni ya nyuzi 5. Hiyo ni ratili 4 katika 2,000, yaani 2 katika 1,000. Njia tatu tofauti, na majibu yanakaribiana namna hiyo. Hunifurahisha kila mara ninapoiandika ubaoni.

Kwa nini kasi haimo? Kwa sababu magurudumu mawili ya treni yamekazwa kwenye ekseli moja, hayana difu ya kuyaruhusu yazunguke kwa kasi tofauti. Katika kona inayogeuza njia kwa jumla ya nyuzi 90, reli ya nje ni ndefu kuliko ya ndani kwa zaidi ya mita 2, kona iwe pana au kali. Umbo la gurudumu, lililochongwa kama pia, hufidia sehemu ya tofauti hiyo. Inayobaki huburuzwa chuma juu ya chuma. Ukingo wa gurudumu la mbele nao husugua reli ya nje. Msuguano huo unatokana zaidi na umbo la njia kuliko na mwendo wa treni. Ndiyo maana wajenzi wa reli wakikutana na kona kwenye mlima hulegeza mwinuko: palipokuwa na mita 10 kwa kila 1,000, kona ya mita 350 inabakisha 8.

Makala pia ilihesabu treni nzima kuwa ndani ya kona. Treni ya mita 600 kwenye kona yenye urefu wa mita 200 ina theluthi moja tu ya mabehewa yake yanayokumbana na ukinzani huo kwa wakati mmoja.

Naomba sahihisho litoke katika ukurasa uleule, na tarakimu mbili za gari lile ziwekwe kando kwa kando: nyutoni 6,000 za kugeuza, nyutoni 180 za kuzuia. Mwanafunzi wangu ana mtihani mwezi ujao.

Mwalimu wa fizikia