Mrabaha wa Mrima usihesabiwe kwa tani pekee

Mhariri,

Tangu uchimbaji wa titani ukome Kwale Desemba 2024, macho yamegeukia kilima cha Mrima, humuhumu Kwale, chenye niobiamu (metali ya kuimarishia chuma) na madini adimu, na mabaraza yamejaa hesabu za mabilioni. Kabla ya leseni yoyote kutiwa saini, wenyeji wadai takwimu za mauzo za kila aina ya madini. Jumla ya tani haitoshi.

Sababu tuliiona kwenye matuta ya mchanga ya Maumba na Nguluku, ilikochimbwa titani hiyo. Hapo hakikutoka chuma cha titani, bali mchanga mzito wa aina tatu: ilmenaiti, rutaili na zirkoni. Maji ya kasi yaliporomosha tuta, tope likasukumwa kwa mabomba hadi mtamboni, mchanga mwepesi ukatengwa. Sumaku ikanasa ilmenaiti. Kilichosalia kikatenganishwa kwa umeme, maana rutaili hupitisha umeme na zirkoni haipitishi. Rutaili ina titani nyingi kuliko ilmenaiti, kwa hivyo tani yake ni ghali zaidi. Meli mbili za uzito mmoja zikiondoka Likoni zaweza kuachana mbali sana kwa thamani.

Sheria ya Madini ya 2016 hukokotoa mrabaha, yaani malipo ya mchimbaji kwa madini anayotoa, kwa thamani ya mauzo, kisha serikali kuu huchukua asilimia 70, kaunti 20, jamii 10. Mwenye 10 asiyejua aina wala bei atakagua nini?

Mrima ni pagumu zaidi. Niobiamu na madini adimu yamekaa pamoja katika mwamba mmoja, kila moja na bei yake, na huenda yakauzwa yakiwa bado yamechanganyika. Mnunuzi akiwa kampuni dada ya mchimbaji, bei watapangiana wenyewe. Tena pana msitu wa kaya, yaani msitu mtakatifu wa wenyeji, na mionzi ya asili iliyo juu. Leseni ya kuchimba Mrima iliyotolewa 2013 ilifutwa mwaka huohuo, na mwaka 2018 jopo la kimataifa la usuluhishi likaitupa kesi ya kampuni iliyonyang'anywa leseni hiyo, kwa kuwa leseni ilitolewa bila tathmini ya mazingira. Tathmini hiyo, basi, ndiyo hatua ya kwanza.

 

Taarifa ya kila mwezi ibandikwe ofisi ya chifu: aina ya madini, tani zikiwa kavu, kiwango cha madini ndani yake, bei, na jina la mnunuzi. "Kavu" iandikwe waziwazi, kwa sababu mchanga uliolowa hupimwa pamoja na maji yake.

Msomaji,
Kwale