Ruzuku imeleta jokofu la chanjo, msingi ni wetu

Ndugu wanakijiji, pamoja nanyi wana wa kijiji mlioko Dodoma mjini, Dar es Salaam na kwingineko,

Ombi letu la ruzuku limekubaliwa. Zahanati itapata jokofu la chanjo la umeme wa jua, pamoja na paneli na nyaya zake. Chumba, nguzo za paneli, nondo za dirisha na matengenezo havimo kwenye ruzuku, na fundi hafungi jokofu mpaka hivyo vikamilike. Hapo ndipo tunapoomba nguvu zenu.

Kwa sasa chanjo huletwa kwa pikipiki ndani ya kisanduku cha baridi, siku moja tu kwa mwezi. Mtoto huchanjwa akizaliwa, akifika wiki 6, 10 na 14, kisha surua na rubela kwenye miezi 9 na 18. Mama aliyekuwa shambani siku ya pikipiki husubiri mwezi mzima, na mtoto wake hukaa bila kinga muda wote huo. Halafu kuna suala la kichupa cha surua. Kina dozi 10, na kikishachanganywa na maji yake hakitumiki zaidi ya saa 6, kinachobaki hutupwa. Kisanduku kikiwa na vichupa viwili tu, muuguzi anasita kufungua kimoja kwa ajili ya watoto wawili. Akiba ikiwa hapahapa zahanati, hana sababu ya kumrudisha mtoto.

Baadhi yenu mmeuliza kwa nini tusinunue friji ya dukani. Chanjo hukaa kati ya nyuzi 2 na 8. Joto huiharibu, lakini chanjo ya pentavalenti (ya magonjwa matano kwa pamoja), ya nimonia na ya pepopunda huharibika pia zikiganda, na friji ya nyumbani hugandisha vitu vilivyo karibu na barafu yake. Alama ya kwenye kichupa hubadilika rangi kwa joto tu, haionyeshi kwamba chanjo iliganda. Mtoto anaweza kuchomwa sindano isiyo na kinga yoyote bila mtu kujua.

Jokofu tutakalopewa halina betri. Mchana jua hugandisha maji yaliyo ndani ya kuta zake, na barafu hiyo ndiyo inayotunza ubaridi usiku na siku za mawingu. Tulichagua aina hii makusudi, kwani betri huchoka baada ya miaka michache ya joto letu, na pesa ya kununua nyingine huwa haipo. Umeme wake si wa kuchaji simu wala kuwasha taa, kwa mtu yeyote.

Paneli zitaelekea kaskazini, zikiinama nyuzi 10 hadi 15 ili mvua ioshe vumbi. Kiangazi hakuna mvua, kwa hiyo zitafutwa kila wiki. Mwarobaini ulio nyuma ya zahanati lazima upunguzwe: kivuli cha tawi moja juu ya paneli hushusha umeme kuliko ukubwa wake unavyoonyesha, maana seli, yaani vipande vya paneli vinavyotoa umeme, zimeungwa kwa mfululizo, na moja ikifunikwa huzuia umeme wa nyingine. Nguzo ziwe za chuma. Za mti zitaliwa na mchwa.

Tunahitaji mifuko 12 ya saruji ya kilo 50 kwa sakafu, misingi miwili ya nguzo na lipu. Mchanga na kokoto, mita za ujazo moja na nusu kila kimoja. Nguzo mbili za chuma. Nondo za dirisha, mlango wenye kitasa imara, na waya wa kuzuia radi. Kila kaya ichangie shilingi 5,000 au siku moja ya kazi. Walioko mbali tunawaomba wabebe nguzo, nondo na mfuko wa matengenezo, kwa sababu jokofu likikosa kipuri kimoja, tutarudi kwenye pikipiki.

Michango ipokelewe ofisi ya serikali ya kijiji kwa stakabadhi, na orodha itabandikwa kwenye ubao kila Jumatatu. Zege limwagwe kabla ya mvua za Desemba. Mchanga uwe wa mtoni, usio na udongo, na umwagwe upande wa barabara ili njia ya wajawazito ibaki wazi.

Kamati ya Afya ya Zahanati