Treni ya sumaku haitabeba korosho zetu

Mhariri,

Mjukuu wangu wa kidato cha tatu alikuja likizo hapa Nachingwea na video ya treni ya Japani iliyofikia kilomita 603 kwa saa mwaka 2015. "Babu, haigusi chini! Tukiwa nayo, Mtwara hadi Dar ni saa moja tu." Nilicheka. Mei 2024, Kimbunga Hidaya kilipoleta mafuriko yaliyokata barabara Somanga, mimi nililala njiani na gunia la ufuta, nikila mihogo ya kuchoma.

Lakini nimefundisha fizikia miaka mingi, sikuweza kumnyima somo. Nilifungua spika ya redio mbovu na nyingine kama hiyo, nikampa sumaku zake mbili. Akazigeuza zikasukumana, akafurahi. Nikamwambia ya Wajapani ni zaidi ya hapo. Ndani ya behewa kuna koili, yaani nyaya zilizoviringishwa, zilizopozwa kwa gesi ya heliamu iliyogeuzwa kimiminika, baridi ya nyuzi 269 chini ya sifuri, hata umeme unazunguka humo bila kupungua. Treni ikipita kasi, sumaku hizo huamsha umeme katika koili za kuta za njia, na huo ndio unaoiinua kama sentimita 10. Kwa hiyo huanza kwa magurudumu ya mpira, kama ndege uwanjani, hadi karibu kilomita 150 kwa saa. Hapo ndipo inaelea. (Hili la magurudumu lilimkera kidogo.)

Sasa nije kwa wanaotuambia kusini nasi tuote treni ya namna hiyo. Ile ya Shanghai, inayobeba abiria tangu 2004, ina njia ya kilomita 30 tu, kutoka uwanja wa ndege hadi pembezoni mwa jiji. Inabeba watu na mabegi yao. Tena njia yake ni ya peke yake, behewa la reli ya kawaida haliwezi kupita humo. Korosho zetu hazina haraka, zina uzito. Makaa ya mawe ya Mchuchuma ndiyo kabisa.

Tunachodai ni reli ya Mtwara hadi Mbamba Bay kwenye Ziwa Nyasa, yenye matawi ya kwenda Mchuchuma na Liganga kwenye madini ya chuma, inayozungumzwa miaka nenda rudi. Treni ya umeme ya Dar hadi Dodoma, inayofika kilomita 160 kwa saa, inatosha kabisa kuwa mfano. Kwa mizigo hata nusu ya mwendo huo nitapiga makofi.

Ila isitegemee zao moja. Baada ya Vita Kuu ya Pili, Waingereza walijenga reli huku kwa ajili ya mradi wa karanga. Karanga zikagoma, mradi ukaachwa 1951, na reli haikupata mzigo wa kuitosha. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 ikafungwa, vyuma vikang'olewa.

Kengele ya shule niliyosoma ilikuwa kipande cha chuma hicho, kimening'inizwa mwembeni. Bado kipo. Nilimpeleka mjukuu akakione. Akatoa sumaku moja ya spika mfukoni, akaisogeza. Ikanasa, tukahangaika wote wawili kuibandua.

Mwalimu mstaafu,
Nachingwea, Lindi