Barua kutoka Bukavu: injini ya farasi 300

Bukavu, Jumanne jioni

Ndugu yangu mpendwa,

Salamu nyingi kwako, kwa Mama Neema na kwa watoto wote. Sisi huku tu wazima, mvua inanyesha kila alasiri na umeme unakuja na kuondoka kwa hiari yake. Nimenyamaza miezi mitatu na ninajua utaninung'unikia, lakini nisamehe kwanza, halafu usome hadi mwisho, kwa sababu injini ya boti imekufa na yule muuzaji wa huko kwenu Goma amekataa kuitengeneza kwa garanti, ile dhamana ya kiwanda.

Ilituacha tukiwa tumepita kisiwa cha Idjwi. Moshi mweusi uliokuwa ukitusindikiza kila tukipakia mzigo mkubwa ukageuka mweupe, mlio ukabadilika, na Kapita, anayeiendesha boti, akazima kabla sijamwambia neno. Tulivutwa hadi Bukavu na boti ya viazi, aibu ambayo sitaieleza. Fundi alipofungua kulasi, yaani kifuniko cha juu ya silinda, tulikuta kichwa cha pistoni ya nne kimeyeyuka upande mmoja kama sabuni iliyosahauliwa majini, na vali yake ya kutolea moshi imeungua ukingoni. Niliishika ile pistoni mkononi kwa muda mrefu, nikihesabu dola.

Muuzaji alimtuma kijana na kompyuta. Akachomeka waya, akasoma kumbukumbu ya injini: saa 1,140 za kazi kwa miezi tisa, na sehemu kubwa ya saa hizo karibu na nguvu zote. Sikubisha, kwani safari tano kwa wiki, za saa sita kila moja, zinafika hapo hapo. Wiki moja baadaye ikaja barua ya nusu ukurasa, kwa Kifaransa cha kujipanga, ikisema kwamba injini hiyo iliuzwa katika daraja la boti za starehe, ambalo huruhusu nguvu zote kwa saa moja tu katika kila saa nane na lisilozidi saa 500 kwa mwaka. Kwa hiyo mteja mwenyewe ndiye aliyevunja garanti.

Boti za starehe! Wewe unaijua boti yangu, umekaa juu ya mifuko yake ya sementi, umenyewa na mbuzi wa abiria wake. Nani amewahi kustarehe humo?

Tangu siku hiyo nimesoma kuhusu madaraja haya kuliko nilivyosoma shuleni. Nilidhani namba ya nguvu za farasi ni kama kilo ya sukari, kwamba 300 ni 300 popote. Kumbe kiwanda huweza kuitoa injini ile ile, yenye silinda sita zile zile, kwa namba kadhaa: ya juu kwa mtu anayekwenda kuvua samaki Jumapili, na ya chini zaidi, kwa mizunguko michache kwa dakika, kwa boti inayofanya kazi mchana kutwa. Chuma ni kilekile. Kinachobadilika ni mazutu, yaani dizeli, inayoruhusiwa kuingia na joto ambalo pistoni inatakiwa kulivumilia. Unakumbuka dukani kulikuwa na mbili, moja ya farasi 220 na moja ya farasi 300, na tofauti ya bei ilikuwa ndogo? Tulicheka, tukasema ni mjinga gani atachukua 220. Ile 220 ndiyo iliyokuwa ya kazi yangu. Muuzaji alicheka pamoja nasi, na hicho ndicho kinachoniuma kuliko barua yake.

Nikwambie pia upande wangu, maana wewe si wakili wake wala wangu. Niliibakiza rafadha ya zamani, elisi kama mafundi wetu wanavyoiita, ili nisitoe pesa nyingine. Ilikuwa kubwa mno. Injini hii ilipaswa kufika mizunguko 2,600 kwa dakika boti ikiwa imejaa, lakini yetu haikuvuka 2,350 hata Kapita akisukuma mkono wa gesi hadi mwisho, na injini inayobanwa hivyo hupokea mazutu isiyoweza kuiunguza yote. Ndio ule moshi mweusi. Pipa la lita 200 likawa halifiki Goma, nami nikamshuku Kapita kuwa anauza mazutu njiani! Nimemwomba radhi, ingawa bado hajanijibu vizuri.

Lakini nani aliyeikubali elisi hiyo? Fundi wa muuzaji ndiye aliyeifunga injini, akaendesha boti nusu saa ikiwa tupu, akasema itafaa. Injini ya boti hupimwa ikiwa na mzigo wake, na asipoona mizunguko inafika, hapaswi kuikabidhi. Isitoshe, namba za kiwandani hupimwa kwa hewa ya kimo cha bahari au karibu nayo, na ziwa letu liko mita 1,460 hivi juu, ambako hewa ni nyepesi kwa karibu asilimia 15. Turbo, kile kifaa cha kuisukumia injini hewa, husaidia, sikatai, lakini haifuti yote. Mtu anayeuza injini kando ya Kivu na asilijue hilo, anauza nini?

Nimemwona wakili, yule wa mtaa wa Nyawera hapa mjini. Anasema kwamba Kongo imo katika OHADA, umoja wa nchi za Afrika zenye sheria moja ya biashara, tangu 2012, na sheria yake ya biashara inamtaka muuzaji atoe bidhaa inayofaa kwa matumizi yake ya kawaida, na pia kwa kazi mahususi aliyoitakia mnunuzi, ikiwa alimjulisha. Akaniuliza swali moja tu: je, ulimjulisha, na karatasi iko wapi? Hapo nikakaa kimya, kwa sababu karatasi iko kwako.

Ninaikumbuka ile proforma ya kwanza, hati ya bei ya kabla ya kununua, kabla hatujapunguziwa bei. Nadhani waliandika chini, kwa kalamu, kuwa ni ya boti ya abiria na mizigo ya Goma na Bukavu. Hati ya mwisho haina maneno hayo. Ina farasi, namba ya injini na bei. Ile ya kwanza tuliiacha kwenye meza yako siku tuliyokula sambaza, vile visamaki vya ziwani.

Je, bado ipo, au Mama Neema aliitupa alipopanga nyumba? Na kama ipo, maneno hayo yamo kweli, au ni tamaa yangu inayoandika? Wewe ulisimama karibu na muuzaji kuliko mimi: aliuliza tutasafiri saa ngapi kwa siku, au hakuuliza? Ungekubali kuyasema mbele ya mtu, kama ulivyoyasikia na si zaidi, hata yakinigeukia? Na yule shemeji yako wa forodhani, bado wanasalimiana na muuzaji?

Ukiipata karatasi, ipige picha kwanza. Halafu uifunge kwenye nailoni mbili kabla ya kumpa kijana wa boti ya Alhamisi, kwa sababu siku hiyo hubeba samaki.

Ndugu yako,
wa Bukavu