Chakula cha tamasha kisiishie kwenye pipa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua niseme na wale wanaotuandalia matamasha ya vyakula vya asili hapa Moshi na kwa jirani zetu wa Arusha. Kazi yao naipenda. Nakwenda, nalipa kiingilio, naonja kila kinachoonjeka. Kinachoniuma ni namna siku inavyofungwa.

Kwenye tamasha moja hapa mjini, giza lilipoanza kuingia, vijana walipita banda kwa banda wakisukuma mapipa. Sufuria ya machalari, yaani ndizi zilizopikwa na nyama, iliyokuwa bado motoni, inafuka mvuke, ikamiminwa yote. Kiburu, zile ndizi zilizopondwa na maharage, kikafuata, kisha makande. Kijana mmoja akaniamkia, nami nikamuuliza, "Marahaba mwanangu, kwani hicho chakula kimeharibika?" Akasema, "Hapana mama, ni kizima. Tumeambiwa tuondoe vyombo, kinakwenda kwa nguruwe." Yeye hana kosa, katumwa. Lakini nguruwe ana maganda yake na pumba zake. Nyama iliyonunuliwa buchani asubuhi hiyo, na ndizi alizomenya mama wa watu tangu alfajiri, ni chakula cha binadamu.

Ombi langu ni hili: saa moja kabla ya kufunga, itangazwe kwenye spika kwamba chakula kilichobaki motoni kinauzwa nusu bei kwa mwenye chombo chake. Tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku Juni 1, 2019, tumezoea kutembea na vikapu, na hotpoti haikosekani nyumba yoyote. Mama lishe atarudisha hela ya mkaa, na mtu aliyeshindwa bei ya mchana naye ataonja.

Nasisitiza neno motoni. Mimi si wa kumwambia mtu abebe chakula kilichoshinda juani kimefunikwa kitambaa. Chakula kilichopikwa kisikae nje zaidi ya saa mbili, na kwa joto la hapa Moshi mwezi wa pili hata hizo mbili ni nyingi. Wali ndio ninaouogopa kuliko vyote, kwa sababu kuna vijidudu ambavyo mbegu zake hazifi kwenye kupika. Wali ukiachwa na uvuguvugu vinaamka na kutoa sumu, na sumu hiyo haiondoki hata uupashe moto namna gani. Kwa hiyo wali wa tamasha uliopoa uachwe huko huko. Vingine ukifika navyo nyumbani weka sufuria kwenye beseni la maji baridi, ukoroge hadi kipoe, ndipo kiingie kwenye friji. Kesho yake kichemke kweli kweli, si kupashwa juu juu.

Mimi ni fundi cherehani hapa Majengo, Mpare wa Same niliyeolewa Kibosho, na nyumba yangu haiishi watoto. Kiporo nakijua. Kwetu Upareni makande hupikwa mengi makusudi ili yalale, maana yakilala yanakolea; asubuhi unakaanga kitunguu, unaongeza karanga zilizotwangwa, yanaliwa na chai. Kiburu kikipoa kinashikana, unakikata vipande kwa kisu na kukikaanga kwa mafuta kidogo hadi kipate ukoko pande zote mbili. Watoto wangu wanakipenda hivyo kuliko kikiwa cha moto.

Ila hazina yenyewe ni mifupa ya nyama choma. Familia ikila mbuzi kwenye tamasha, mifupa yote naifunga kwenye jani la mgomba na kuondoka nayo. Nyumbani naivunja kwa panga, naiweka kwenye sufuria na tangawizi iliyopondwa na kitunguu kizima, naiacha kwenye mkaa mdogo hadi mafuta yaelee juu. Chumvi siongezi, ile ya mchoma nyama inatosha. Kisha naichuja, maana kuna masizi na vipande vidogo vya mfupa. Hapo ndipo zinapoingia ndizi mshare. Unajipaka mafuta mikononi kabla ya kumenya, la sivyo utomvu utakukaa wiki nzima, na kwa kazi yangu ya vitambaa sithubutu. Zikiiva hadi zinakatika zenyewe, unazipekecha kwa mwiko na kuongeza ile supu kidogo kidogo, mwisho maziwa fresh. Unapata mtori wenye harufu ya moshi ambao mama mkwe wangu, aliyewapikia mtori wazazi wengi wa ukoo wake, aliomba aongezewe. Ukilala unakuwa mzito. Asubuhi unaulegeza kwa maziwa au maji ya moto.

Kuna jambo la pili, nalo ni la mabandani. Mpishi ameweka sahani nzuri ya ndizi, unamuuliza ni ndizi gani, anasema, "Za kawaida tu, mama." Kilimanjaro hakuna ndizi za kawaida! Mshare ni ya mtori na machalari. Mzuzu ni ya kuchoma na kukaanga. Kisukari ni ya kula mbivu. Mgeni akionja, akaenda Mbuyuni sokoni akanunua mkungu usio wake, atapika kitu kingine kabisa na kusema chakula cha Wachaga hakina ladha. Kibao kidogo cha karatasi ngumu kingetosha: jina la ndizi, sehemu inakotoka, imepikwa na nini. Na pembeni ya sahani liwekwe chane moja bichi, watu walione na kulishika.

Wa maonyesho ya wakulima ya Nane Nane wako mbele katika hili, lazima niwasifu. Pale viwanja vya Themi, Njiro, ambako mikoa ya Arusha, Kilimanjaro na Manyara hukutana kila Agosti, unakuta mbegu, mche na chakula kilichopikwa mahali pamoja, na mtaalamu anasimama akueleze. Huko ndiko nilikoelewa kwa nini mnavu niliokuwa naukausha juu ya bati ulikuwa unageuka rangi ya majani ya chai. Jua kali linaua vitamini A. Unauchovya kwanza kwenye maji yanayochemka kwa dakika chache, unauchuja, halafu unaukausha kivulini penye upepo au kwenye kikaushio kilichofunikwa. Sasa najaza makopo wakati wa masika, mboga ikiwa bei ya bure, na kiangazi naiunga kwa karanga. Unga wa ndizi nao nilianzia huko: nauchanganya na wa ngano kwenye chapati, sehemu moja kwa tatu. Maharage ya Lyamungu 90, yale makubwa yenye mabaka mekundu, niliyaonja Themi kabla sijajua kwamba yamebeba jina la Lyamungu yetu hii ya wilayani Hai. Yanaiva haraka na mchuzi wake ni mzito. Ukiyabakiza, kesho yake yanapondwa na ndizi, hayatupwi.

Na wa kuigwa wapo hapa hapa, kwenye makanisa yetu. Siku ya mavuno, ibada ikiisha, mnada unafanyika uwanjani hadi kitu cha mwisho: mkungu, kuku, mayai kwenye kisonzo, hata fungu la magimbi. Mzee wa kanisa hafungi mnada kama kuna kitu kimebaki chini. Watu wanaondoka na chakula mikononi na wiki nzima mtaa unapika.

Najua watasema kinachotupwa kwenye tamasha ni kidogo. Ripoti ya Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa ya mwaka 2024 inasema dunia ilitupa tani bilioni 1.05 za chakula mwaka 2022, na asilimia 60 ilitupwa majumbani. Majumbani! Maana yake sisi wapishi wa nyumbani tunahitaji kufundishwa kiporo, na sioni mahali pazuri pa kufundishia kuliko kwenye tamasha, ambako watu wamekuja na njaa na wana masikio. Kwa nini kusiwe na banda moja tu ambalo kila asubuhi linapika kilichobaki salama jana, mbele ya macho ya watu? Bibi wa Kimachame na makande yake, mama wa Kimeru na loshoro yake ya mahindi na maziwa mgando, Mpare mmoja kama mimi. Nitakuja bila malipo, nipewe jiko la mkaa na sufuria.

Nane Nane ijayo bado kuna muda wa kupanga, na sherehe za Desemba, ndugu zetu wakipanda mlimani kutoka Dar es Salaam na mbuzi wakichinjwa kila boma, ziko njiani pia. Wanaoandaa wakitaka kuanza na jambo moja, waanze na lile tangazo la spika na ile nusu bei.

Wako msomaji,
Fundi cherehani, Majengo, Moshi